Gari Lililonukisha Mashuka

Tarehe 2 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo, na gari limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kiti cha abiria. Maji yanaingia kwenye pembe ya kioo cha mbele, yanapita nyuma ya dashibodi na kutua kwenye zulia, na zulia likishalowa halikauki tena mpaka Juni.

Zamani haya ningemwambia mke wangu tukikunja mashuka, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili, tukisogeleana na kurudi nyuma kama watu wanaocheza ngoma. Sasa nakunja peke yangu, pembe nimezibana kwa kidevu, na mtu aliyebana shuka kwa kidevu hawezi kuzungumza. Basi naandika.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya zahanati na ya nyumba mbili za wageni. Kuendesha gari alijua mke wangu, nami nilimwita Dereva hata mbele ya watu. Mwishoni mwa mwaka akaugua, akafariki. Gari aliachiwa na baba yake, na kwa sababu hiyo nyumba nzima inaliita Babu. Siku hizi linaendeshwa na mdogo wake, shemeji yangu. Mama mkwe, aliyekuja kumuuguza binti yake, bado yuko kwangu, na sitaki aondoke.

Tarehe 5 Machi

Babu amegoma kuwaka. Tumemsukuma. Matope mpaka magotini.

Tarehe 8 Machi

Nilimpenda sana dada yake, kwa hiyo nitaandika kwa upole. Shemeji yangu ni mchafu.

Anakula ndizi akiendesha, na maganda anayashindilia kwenye mfuko wa mlango. Leo nimetoa ganda lililogeuka jeusi na kulainika kama konokono. Pua anaisafisha kwa kidole, kidole anakifuta chini ya usukani. Anadhani chini ya usukani hakuna anayeona. Mimi naona, kwa sababu ndimi ninayepangusa.

Jioni alinihurumia, akaja kunishikia shuka.

"Shem, leta pembe hizo. Unahangaika peke yako wakati mimi nipo?"

Tukakunja. Lilipokwisha likawa na vidole vyake vinne vya oili upande wa juu, vimejipanga vizuri kabisa. Nimelirudisha kwenye beseni.

Tarehe 12 Machi

Tumempeleka Babu kwa fundi. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wa baba mkwe, na kila akiliona gari anaanza kwa kulipigapiga bodi kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Alifungua rejeta, akachovya kidole, akakilamba.

"Ina oili kidogo," akasema, akakilamba tena ili apate hakika.

Nikageuza uso. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akatafuta kitambaa cha kukifutia, na kabla sijafumbua mdomo alikuwa ameingiza mkono nyuma akachukua foronya ya zahanati. Nyeupe. Nimeitia bluu ya kung'arisha kwa mikono yangu.

"Fundi! Hiyo ni ya wagonjwa!"

"Ah, samahani mzee. Nikadhani matambara."

Kisha akanieleza kwamba injini ya Babu bado ina nguvu, tatizo ni vitu vidogo vidogo. Tangu nimjue fundi huyu tatizo ni vitu vidogo vidogo. Klachi ilikuwa kitu kidogo. Sakafu iliyotoboka mpaka ukaona barabara ilikuwa kitu kidogo.

"Tuseme ukweli," nikamwuliza, "gari hili litengenezwe au litafutwe jingine?"

Alinitazama kama niliyetukana wazazi. "Mzee, Babu wa kuuzwa huyu? Mama atasemaje?"

Tarehe 15 Machi

Karibu na mkono wa gia umeota uyoga. Wenye mguu na kofia. Nimeung'oa kwa kibanio cha nguo, na kibanio nacho nimekitupa.

Tarehe 19 Machi

Siku mbaya.

Shemeji amerudi kutoka zahanati na mzigo uleule aliokwenda nao. Mashuka yote ya wodi ya wazazi, yamefungwa kamba zangu zilezile. Matroni amesema yananuka. Sikuamini. Nilifungua fungu la kwanza nikaingiza uso ndani, na harufu ikanipanda hadi machoni: uvundo, mkojo wa panya, na chini yake kitu kingine kitamu kibaya, kama ua lililooza kwenye maji ya chupa.

Mashuka yalitoka hapa yakinuka jua na pasi. Nyumbani kwangu hayajawahi kurudishwa mashuka. Madoa nayajua yote, ya damu, ya dawa, ya chai, na kila moja najua linaogopa nini. Lakini shuka safi kuchafuka njiani, ndani ya gari langu mwenyewe, hilo sina sabuni yake.

Nimeloweka upya yote. Nje mvua. Nimeanika sebuleni, chumbani, mpaka juu ya meza ya kulia. Mama mkwe amekula akiwa amezungukwa na mashuka kama aliye ndani ya hema.

Tarehe 20 Machi

Nimezungumza na Mama.

Kila jioni huchukua kikombe chake cha chai akaenda kukaa ndani ya Babu, kiti cha abiria, kilekile kinachovujiwa. Anafunga mlango. Miguu anaiweka kwenye zulia linalotoa maji ukilikanyaga. Nilimfuata, nikasimama dirishani. Harufu ilitoka ikanipiga usoni naye yumo ndani ametulia, anapuliza chai. Kusema kweli nilimwonea kinyaa. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Mama, gari hili limechoka. Nimefikiri tutafute jingine, dogo, lisilovuja."

"Na hili?"

"Hili tuliache liende."

Alikunywa, akameza, akaangalia mbele kama tuko safarini.

"Siku Babu akitoka kwenye ua huu, mkwe, na mimi nitafunga virago. Nitakwenda kwa mwanangu wa kiume."

Kwa mwanawe kuna chumba kimoja, na kimejaa kama ulivyojaa mfuko wa mlango wa gari. Mama analijua hilo. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na watu wa sauti ndogo hawatishii bure.

Akiondoka Mama, nani atasema jioni, "Mwanangu alikuwa hapendi kitunguu," nami nikajibu, "Alikuwa akikitoa kimojakimoja na kukipanga ukingoni mwa sahani"? Na huko ndiko kuzungumza kwetu kote.

Tarehe 24 Machi

Dawa za harufu tulizojaribu: mkaa kwenye bakuli chini ya kiti cha dereva, maganda ya limau, majivu, kuacha milango wazi. Paka akaingia, akatoka mbio.

Leo shemeji ameleta manukato ya kunyunyizia. Sasa gari linanuka kama panya aliyekwenda harusini.

Tarehe 28 Machi

Stata ililia asubuhi kwa muda mrefu, ile sauti ya mtu anayekohoa bila kutoa kitu, nikalazimika kuingia ndani.

Sauti hiyo ndiyo niliyoisikia siku ile. Mke wangu alizidiwa alfajiri. Mimi sijui kuendesha, shemeji hakupatikana, kwa hiyo alijiendesha mwenyewe hospitali, amevaa gauni lake la maua ya njano, amejifunga mtandio, jasho linamtoka. Kwenye kilima Babu akazima. Nikashuka nikasukuma, nimeegemeza shavu kwenye bati, na yeye anashika usukani na kunipigia kelele, "Sukuma, Dobi! Au unapiga pasi huko nyuma?" Alikuwa anacheka. Daktari alisema hata tungewahi ingekuwa vilevile. Sawa. Lakini bati lile nimelichukia, na watu wakisema "gari la marehemu" kwa sauti ya unyenyekevu natamani kutema mate.

Yeye mwenyewe hakulipenda. Alikuwa akisema, "Nikifika mwisho wa uvumilivu nalitumbukiza mtoni, na fundi akiwemo ndani." Alilitunza kwa ajili ya mama yake tu. Mama halijui hilo.

Tarehe 2 Aprili

Mvua. Fundi amepaka puti ya kuzibia kwenye pembe ya kioo, akaisawazisha kwa kidole gumba alichokitia mate.

Tarehe 3 Aprili

Puti imeanguka.

Tarehe 6 Aprili

Mashuka yamerudishwa mara ya pili, na safari hii matroni alimwambia shemeji anataka kuniona. Nilikwenda kwa miguu.

Ni mwanamke mtulivu, anayekunja mikono ya shati kwa vipimo sawa. Hakugomba. Alifungua fungu, akanisogezea kishuka kidogo cha kitanda cha mtoto.

"Nusa, Bwana Dobi."

"Nakijua, Sista."

"Nusa tu."

Nikanusa.

"Mtoto wa siku moja. Tumbo la mama yake hajalisahau. Kitu cha kwanza anachovuta puani hapa duniani kiwe hiki?"

Niliona aibu ikinipanda shingoni kama upele. Akasema yeye anaijua kazi yangu, ndiyo maana ameniita badala ya kuniacha. Lakini ikitokea tena atawapa wengine, na hatanieleza tena.

Nyumba za wageni hutoa vijimizigo tu. Zahanati ikienda, kazi imekwenda.

Tarehe 8 Aprili

Nilimwambia shemeji mashuka hayapandi tena ndani ya Babu. Nimeazima mkokoteni, nafunika kwa nailoni, nasukuma mwenyewe. Na nikamwambia gari nataka liondoke.

Akaweka mkono kifuani. "Unamtoa dada yangu nyumbani, Shem?"

"Dada yako yuko ndani ya lile gari?"

"Roho yake ipo! Mimi nikikaa kwenye usukani namsikia kabisa."

"Basi ukimsikia usifute makamasi chini ya usukani. Unamfutia yeye."

Sijawahi kumsemesha mtu hivyo. Akatazama kidole chake. Baadaye nilimwona na kitambaa, anapangusa usukani chini, pole pole. Kitambaa kilikuwa taulo langu la uso.

Tarehe 11 Aprili

Mama amelala na kikohozi. Wiki nzima amekohoa, na usiku kifua kikapiga kama mlango uliolegea. Ni ule unyevu anaokwenda kuuvuta kila jioni. Nilimpa chai kitandani, nikatoka na bisibisi. Nilisema moyoni: kama siwezi kuliondoa, nitalifua. Mimi ni dobi.

Nilianza na kiti chake. Boliti zilikuwa na kutu, moja ikakatika. Nilipokiinua, maji yalitiririka mapajani mwangu, ya kahawia, na harufu ikatoka ikiwa nzima, ile tamu mbaya, nikajua nimefikia chimbuko lake.

Chini kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Panya walikuwa wameutoboa ubavuni. Ndani lilikuwa tope la nguo, na katikati ya tope kiota, na ndani ya kiota watoto wa panya, wa rangi ya waridi, macho yamefumba, wanajinyonganyonga kama vidole vya mtu anayeota. Kando yao mmoja mkubwa, mfu, amelainika. Kiota kilifumwa kwa nyuzi nyembamba za njano.

Nilitapika kwenye matope, nimeshika mlango. Nikatapika tena wakati hakuna cha kutapika.

Kisha nikaona kifungo. Kifungo cha bluu kwenye gauni la maua ya njano. Nilikishona mimi, kwa uzi mweupe kwa sababu wa bluu ulikuwa umekwisha, naye akaniambia, "Mume wangu dobi, na bado napendeza kwa bahati tu." Lilikuwa lile gauni la siku ile. Mtandio pia ulikuwemo. Hospitali walitukabidhi vitu vyake kwenye mfuko, nami nilidhani umepotea katika msiba.

Nani mwingine? Kiti kilekile, kila jioni, mlango umefungwa.

Nilikaa ardhini kwenye mvua. Sitaficha: hasira ndiyo iliyokuja kwanza. Nilifikiri, watoto wachanga wamelala juu ya harufu hii. Nilifikiri, bibi mzima, na uchafu kama huu.

Tarehe 12 Aprili

Sijala. Nimeosha mikono mpaka imekunjamana.

Tarehe 13 Aprili

Mama ameamka, akaenda moja kwa moja uani. Alipoona kiti kiko nje, kimelala kifudifudi, alisimama.

"Umeukuta," akasema.

"Nimeukuta, Mama. Uko kwenye ndoo, nyuma."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Hakunipa nafasi.

"Siku ya tatu baada ya kuzika ulifua," akasema. "Kila kitu. Magauni, kanga, hata soksi. Ukapiga pasi, ukapanga. Nikafungua kabati nimnuse mwanangu, nikakuta sabuni. Ukabaki mfuko wa hospitali tu."

"Mama, mimi sikujua kitu kingine cha kufanya."

"Najua. Ndiyo maana sikusema. Mtu analia kwa kazi anayoijua, wewe ulilia kwa kufua. Lakini kwenye nyumba ya dobi, mkwe, ningeficha wapi nguo chafu? Wewe unanusa foronya kupitia ukutani. Mahali pekee usipofua ni ndani ya Babu."

Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Mwanzoni alikuwepo," akaendelea. "Nikifungua fundo, yupo. Mafuta yake ya nywele, jasho lake. Mvua ilipoanza sikufungua tena, nikaogopa atatoka. Nikawa nakaa juu yake tu."

Alitaka aone. Nikamkatalia, akapita. Aliinama juu ya ndoo, mtu mzima wa umri ule na kikohozi kile, akaweka uso karibu, akavuta pumzi kama anavyonusa mtu kichwa cha mtoto. Mimi niliziba pua kwa mkono. Yeye hakuziba. Akanusa tena, muda mrefu.

Akainuka.

"Huyu si mwanangu," akasema. "Huyu ni panya."

Akarudi ndani. Mlangoni akageuka. "Waite watu waliondoe gari. Na lile gauni usilitupe kwanza."

"Na wewe, Mama? Ulisema utafunga virago."

"Nikakae kwa yule?" Akakohoa. "Kule hata ukuta una maganda ya ndizi."

Tarehe 17 Aprili

Babu ameondoka. Wanaonunua vyuma chakavu walilivuta kwa kamba, tairi la nyuma halizunguki, likachora mstari mrefu kwenye matope ya ua. Fundi alikuja kuliaga, akalipigapiga bodi, bati likabaki na shimo la kiganja chake. Akasema hicho ni kitu kidogo. Shemeji alilia kweli, machozi yalimshuka, halafu akauliza kama anaweza kubaki na betri.

Mama hakutoka. Alikuwa anachambua vibanio, vizima huku, vilivyovunjika kule.

"Limekwenda?"

"Limekwenda."

"Liliwaka?"

"Halikuwaka. Limevutwa."

"Lingewaka leo ningelifuata nilitukane," akasema. "Limewahi kumsikiliza mwanangu hata siku moja?"

Nikamwambia basi yale maneno ya kulitumbukiza mtoni, na fundi akiwemo. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampa maji, akanywa, akacheka tena.

Tarehe 25 Aprili

Nimenunua pikipiki ya magurudumu matatu yenye boksi la bati nyuma, imetumika lakini ni kavu. Nimelala chali ndani ya boksi, mlango umefungwa, kutafuta tundu la mwanga. Hakuna. Najifunza kuiendesha mwenyewe. Nimegonga kamba ya nguo mara mbili.

"Kaa katikati!" Mama ananipigia kelele kutoka mlangoni. "Unaendesha au unaanika?"

Sauti ni yao wote wawili, mama na binti.

Tarehe 29 Aprili

Nimepeleka mashuka zahanati. Matroni alifungua fungu, akainamisha uso. Nikasubiri. Akalifunga, akaliweka kabatini, akauliza habari za nyumbani.

Tarehe 6 Mei

Mvua zinapungua. Leo jua lilitoka tangu asubuhi.

Kwenye lile gauni niliwahamisha panya kwanza, kwa koleo, macho nimefumba nusu. Kisha nikaloweka, nikamwaga, nikaloweka tena, wiki mbili. Kuna siku nilisuuza huku nimegeuza kichwa upande. Mgongo wote umeliwa. Imebaki sehemu ya mbele na mkono mmoja, maua yamepauka, na kifungo changu cha uzi mweupe. Mtandio haukusalimika.

Nimelianika peke yake kwenye kamba. Jioni nikalitoa, nikalitandaza mezani, nikaweka pasi motoni bila kufikiri. Mama alikuwa amekaa kando na chai yake.

"Mkwe, hilo usilipige pasi."

Nikakumbuka. Mke wa dobi, na nguo zake zote zilikuwa na mikunjo. Nilimwomba miaka yote anipe nizinyooshe, akakataa. Alisema nguo ikishanyooshwa inakuwa ya mteja.

Nimeiweka pasi pembeni ipoe. Gauni nimempa Mama na mikunjo yake.